Masharti ya Shahada na Kiwanja cha Mjomba

Mhariri wetu hajaniacha nipumue tangu Septemba akitaka niandike juu ya masharti ya shahada hapa chuoni, eti kwa sababu mimi ndiye Mwafrika niliyeandikiana barua na ofisi ya msajili kuliko wote waliowahi kupita hapa. Sijui kama hiyo ni sifa au ni lawama. Lakini mwaka huu tumepokea wageni sita kutoka nyumbani, Wakenya watatu, Watanzania wawili na Mganda mmoja, na karibu wote wameniuliza swali lile lile kabla hata hawajafungua mabegi: "Kaka, sasa hapa mtu anasomea nini hasa?" Basi nikaona bora niandike mara moja, kuliko kujibu kila mtu kwenye foleni ya chakula huku nimeshika mwiko.

Swali hilo si la kijinga. Kwetu mtu anajulikana anasomea nini mapema sana. Mimi nilikuwa mtu wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati ya juu. Ukishaingia kombi yako kidato cha tano mambo mengine yote yanafungwa, na ukienda Mlimani unaingia kitivo chako ndiyo basi, mpaka siku ya joho. Utaratibu huo tuliurithi kwa Waingereza. Makerere ilianza kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake nacho kilianzia chini ya mwavuli huo huo wa London. Mwingereza anaona elimu ya jumla inaishia sekondari. Mmarekani, hasa katika vyuo vidogo kama hiki chetu vya sanaa huria, anaona ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo hapa hesabu ni hii. Shahada ni kozi 32 za krediti nne nne, jumla krediti 128, kozi nne kila muhula kwa mihula minane. Kati ya hizo, kumi na moja ndizo za somo lako kuu, ambalo unalitangaza rasmi kabla mwaka wa pili haujaisha. Zilizobaki zimegawanywa: mbili za fasihi, historia au falsafa, mbili za sayansi ya jamii, mbili za sayansi asilia ambazo moja lazima iwe na maabara, moja ya sanaa kwa vitendo, moja ya hesabu au takwimu, semina ya uandishi mwaka wa kwanza, na lugha ya kigeni mpaka ufike kiwango cha muhula wa nne. Halafu kuna mazoezi ya viungo, na kuna jaribio la kuogelea! Mimi mtoto wa Tanga hilo lilinichukua dakika tatu. Rafiki yangu mmoja aliyekulia Dodoma alilisomea mwaka mzima, na nawaambia alipotoka upande wa pili wa bwawa alishangiliwa kuliko timu ya mpira ya chuo.

Sasa hebu jaribu kumweleza hayo mtu aliyeko nyumbani.

Mjomba wangu ni fundi seremala, yuko Muheza. Nilipopata udhamini wa ada, kilichobaki kilikuwa nauli, viza, bima na nguo za baridi, na Mjomba aliuza kiwanja chake cha Pongwe alichokinunua kwa ajili ya uzee wake. Hakuniwekea masharti yoyote. Ila kila nikipiga simu anataka kujua kazi imefikia wapi, kama vile mimi ni kabati ambalo mteja anasubiri. Muhula wangu wa pili mama alimdokeza kwamba nasoma ngoma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mama yako ananiambia unasoma ngoma."

"Ni somo la sanaa, Mjomba. Ni lazima."

"Lazima kwa mtu wa uchumi?"

"Lazima kwa kila mtu. Hata wa fizikia."

Akanyamaza, nikasikia randa inapita juu ya mbao. Kisha akasema, "Mtu akija hapa kwangu akataka meza, mimi simpi kwanza mguu wa kitanda na kioo cha kabati eti azunguke aone. Nampa meza."

Sikuwa na jibu. Na kusema kweli ngoma zenyewe zilikuwa na vichekesho vyake, maana zilikuwa ngoma za Waewe wa Ghana, zikifundishwa na profesa Mmarekani aliyejifunzia huko huko Ghana, na wenzangu wote walitarajia mimi nitazijua kwa sababu ya damu. Kumbe ile kengele ya chuma, gankogui, inayoshika mwendo wa ngoma nzima, ilinishinda wiki tatu mfululizo huku binti mmoja wa Iowa akiipiga kama amezaliwa nayo. Nilimaliza na B+, na bado ni moja ya kozi nilizofurahia. Lakini furaha si hoja ya kumpelekea mtu aliyeuza kiwanja.

Basi nikaanza kutafuta hoja. Nikauliza, nikasoma. Jina lenyewe "sanaa huria" halina uhusiano na uchoraji. Linatoka kwenye Kilatini, na maana yake ni maarifa yanayomfaa mtu huru, asiye mtumwa. Vyuo vya Ulaya ya kale vilihesabu sanaa saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometria, muziki na elimu ya nyota. Vyuo vya mwanzo vya Marekani vilifuata njia hiyo na kumlazimisha kila kijana asome Kilatini na Kigiriki, apende asipende. Kisha akaja Charles Eliot, rais wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, akalegeza kamba, akaacha wanafunzi wachague karibu kila kitu. Wanafunzi, kama walivyo wanafunzi popote duniani, wengi wakachagua kozi rahisi na zile zisizoanza asubuhi. Aliyemfuata, Lowell, akakaza tena kwa kanuni ya sehemu mbili: soma jambo moja kwa kina, na mengine uyaonje kwa mgawanyo. Masharti yetu ya leo, somo kuu huku na mgawanyo kule, ni wajukuu wa mapatano hayo.

Msidhani vyuo vyote viko hivi. Amherst karibu hawana masomo ya lazima ya jumla, unatimiza semina ya mwaka wa kwanza, kozi zako na somo kuu basi. Grinnell wana sharti moja la jumla, semina ya mwaka wa kwanza. Columbia kwa upande mwingine wana masomo yao ya msingi yaliyoanza mwaka 1919 ambayo hayakwepeki, na Reed hutoki bila tasnifu. Na tusijifanye kwetu hayapo: muulize yeyote aliyepita Mlimani kuhusu DS, ile kozi ya Taaluma za Maendeleo ambayo mwanafunzi wa fani yoyote lazima aipitie, akiwa injinia au mwanasheria. Watu wanaidesa usiku mmoja kabla ya mtihani, lakini wazo ni lile lile, kwamba msomi lazima ajue jambo fulani nje ya fani yake. Tofauti ni kwamba hapa jambo hilo limekuwa nusu ya shahada.

Hoja iliyomgusa Mjomba kidogo ilikuwa ya Wangari Maathai. Huyu alikuja Marekani mwaka 1960 katika ile safari ya wanafunzi iliyoanzishwa kwa juhudi za Tom Mboya, akapelekwa kwenye chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na masomo yake ya pembeni yalikuwa kemia na Kijerumani. Kijerumani! Msichana wa Nyeri, katikati ya mashamba ya ngano ya Kansas. Alimaliza 1964, akachukua shahada ya pili Pittsburgh, na baadaye alipopata nafasi ya utafiti Ujerumani alikwenda Giessen na Munich, ndipo akarudi Nairobi na kupata udaktari wake 1971. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya amani. Nikamweleza Mjomba yote hayo. Akasema, "Sawa. Wewe Kijerumani unajua?" Nikasema hapana. "Basi huyo ni yeye."

Tuache utani, niingie kwenye jambo lenyewe lililonifanya nijulikane ofisini.

Chuo chetu, kama vingi hapa Marekani, kinatoa krediti kwa mwanafunzi aliyefanya A-level. Imeandikwa wazi katika kitabu cha mwongozo. Wenzangu wawili, mmoja wa Singapore na mwingine aliyesoma shule ya kimataifa Nairobi, walifika na vyeti vya Cambridge, na kabla ya mwezi kwisha kila mmoja alikuwa na krediti nane mpaka kumi na mbili kwenye rekodi yake. Mimi nikapeleka cheti changu cha kidato cha sita cha Baraza la Mitihani, daraja la kwanza. Nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba hicho ni cheti cha kumaliza sekondari, na kwamba ndicho kilichonipatia nafasi ya kuingia chuoni, hivyo hakiwezi kutumika mara mbili.

Jamani, hapo niliumia. Mimi nilikaa darasani miaka 13, saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya juu. Mmarekani anakaa 12. Mkenya wa 8-4-4 naye anakaa 12, maana mfumo ule ulioanza 1985 umekatwa kwa kipimo kinachofanana sana na cha Marekani, na Wakenya wakaachana na A-level mwishoni mwa miaka ya 80. Sisi na Waganda tukaendelea nayo. Na mtihani wetu haukuota kama uyoga. Zamani Cambridge wenyewe ndio waliotutungia. Kisha likaja baraza la pamoja la Afrika Mashariki, Tanzania ikajitoa 1971, na Baraza letu likaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Ni mti ule ule, tawi jingine. Lakini kwa karani aliyeko ofisini karatasi yenye jina la Cambridge ni dhahabu, na yenye jina la Dar es Salaam ni karatasi.

Kabla sijaendelea nieleze krediti ni nini, maana wengi wetu tunaitaja tu kama pesa za nchi ngeni. Kwa kawaida krediti moja ni saa moja darasani kila wiki kwa muhula mzima, pamoja na saa mbili hivi za kujisomea. Na chanzo chake ni kichekesho kizuri: ni pensheni. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wastaafu wapate chochote. Mfuko wake ukaweka sharti kwamba chuo kitakachofaidika lazima kiwe chuo kweli, kinachopokea wanafunzi waliotimiza kiasi fulani cha masomo ya sekondari, kinachohesabiwa kwa saa. Vyuo vikataka pensheni, vikakubali kuhesabu saa. Kipimo kikasambaa mpaka leo. Nawaambia haya si kwa kuonyesha usomi. Nilipojua kwamba krediti ilibuniwa na wahasibu, na haikushuka kutoka mbinguni, nilipata nguvu ya kuandika barua ya pili.

Barua ya kwanza nilieleza mfumo wa 7-4-2. Haikujibiwa. Ya pili niliambatanisha silabasi ya Hisabati ya juu na mitihani ya nyuma, karatasi zote mbili za saa tatu tatu, ambazo binamu yangu alizipiga picha moja moja kwa simu akanitumia. Nikajibiwa kwamba ofisi haina mtu wa kuzitathmini. Hapo nikabadili njia. Nikachukua bahasha ile ile nikaenda kwa profesa wa hesabu, nikamwomba aangalie dakika kumi tu. Aliketi nazo karibu saa nzima. Akafika kwenye milinganyo ya tofautishi na namba changamano akavua miwani, akaniuliza, "Ulifanya hii ukiwa na miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na tisa. Akanipa mtihani wa mwisho wa kozi zake mbili za mwanzo niufanye pale pale wiki ile. Nilipiga msuli usiku mbili, nikaufanya, nikafaulu, na barua ya tatu ikaandikwa na yeye.

Matokeo: kozi mbili za hesabu zikakubaliwa. Profesa wa jiografia naye akakubali kozi moja. Uchumi ukakataliwa, na nadhani ni kwa sababu mkuu wa idara alikuwa likizo, lakini sina ushahidi. Jumla krediti 12. Muhula mzima ni 16. Kwa hiyo nilibakiza kozi moja tu kufikia muhula kamili, na kozi moja mtu anaweza kuifidia kwa kubeba tano badala ya nne katika muhula mmoja, ukiwa na GPA wanayoitaka. Nikabeba tano mwaka wa pili. Sitaki kuuzungumzia muhula ule.

Hapa nisisitize jambo ambalo nimeona linawachanganya wapya. Kusamehewa sharti na kupewa krediti ni vitu viwili tofauti. Mimi nilisamehewa lugha ya kigeni kwa sababu shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na vyeti vinaonyesha. Vizuri sana, lakini ofisi haikuniongezea krediti hata moja. Nafasi ile lazima niijaze na kozi nyingine. Dada mmoja Mkenya wa mwaka wa pili aliambiwa kwanza kwamba hasamehewi kwa kuwa shule za Kenya zinafundisha kwa Kiingereza. Alipeleka matokeo yake ya KCSE, ambako Kiswahili ni somo la lazima, wakakubali. Ingekuwa amenyamaza angesoma Kifaransa mihula minne bila sababu. Kama unakipenda Kifaransa hilo ni jambo jingine.

Kwa nini nilitaka muhula ule kwa nguvu hivyo? Udhamini wangu unalipa ada yote, lakini chakula na malazi unalipa sehemu. Sehemu ya familia ni dola 2,900 kwa muhula, zaidi ya shilingi milioni saba za kwetu. Nusu natoa mimi hapa jikoni, saa zangu ishirini kwa wiki ambazo viza inaruhusu, na nusu anatoa mama, ambaye anauza vitenge. Mdogo wangu wa kike amechaguliwa chuo cha uuguzi cha binafsi. Stashahada yake ni miaka mitatu, na nilipokaa na karatasi kupiga hesabu niliona kwamba muhula mmoja wa kwangu unalipa ada yake ya miaka yote mitatu na chenji inabaki. Huyo mtoto amekaa nyumbani mwaka mzima akingoja.

Hadi hapo uamuzi ulikuwa rahisi. Kilichouharibu ni mkonge.

Kozi yangu ya maabara ilikuwa botania, nayo niliichagua kwa sababu ilikuwa mchana. Wiki ya pili tulipelekwa kwenye kitalu nyumba cha chuo, vioo vitupu, nje theluji imefika magotini, ndani joto la Tanga kabisa. Na pale kwenye kona, ndani ya chungu, kibao kimeandikwa Agave sisalana. Mkonge! Nilicheka mpaka mwalimu akauliza kuna nini. Nikamwambia mimi nimekulia katikati ya vitu hivi, maili kwa maili. Akanieleza nisichokijua: kwamba mmea huu asili yake ni Mexico, unatoa ua mara moja tu maishani kisha unakufa, na unazaa vichipukizi vidogo badala ya mbegu. Nikaenda maktaba. Nikakuta kwamba Mjerumani Hindorf aliuleta kwetu mwaka 1893, miche ikitoka Florida kupitia Hamburg, na mingi ikafia njiani. Iliyosalia ndiyo iliyojaza mkoa mzima. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000, hakuna nchi iliyoishinda. Kisha zikaja kamba za nailoni na bei ikaanguka, na yaliyofuata sisi watu wa Tanga tunayajua kwa macho, magofu ya viwanda na reli zilizoota majani.

Nikampigia Mjomba kumwuliza. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani hakuniuliza kabati limefikia wapi. Aliongea mpaka salio likaisha, akapiga yeye. Kumbe babu yangu, baba yake, aliyetoka Kigoma, hakuhamia Muheza kwa hiari ya kutembea kama tulivyoambiwa utotoni. Aliletwa kama manamba. "Waliandikwa na SILABU," Mjomba akasema, "wakapakiwa kwenye treni, wakapewa namba. Baba mpaka anakufa alikuwa anaikumbuka namba yake." Na SILABU nilikuwa nimeisoma juzi yake, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuajiri vibarua kutoka mbali, iliyoanzishwa mwaka 1944. Nilikuwa nimeipita kama neno kwenye ukurasa. Sikujua ni neno la nyumbani kwetu.

Basi sasa nina mada ya tasnifu. Uchumi wa kazi ya manamba: mishahara, posho, gharama ya kuwasafirisha, kwa nini wenye mashamba waliona nafuu kumleta mtu kutoka Kigoma kuliko kumlipa vizuri wa Tanga. Profesa wangu ameipenda, na microfilamu za ripoti za wakati wa ukoloni zinaweza kuazimwa kutoka vyuo vikubwa. Lakini tasnifu ya heshima hapa ni mihula miwili, ya vuli na ya machipuko. Ukimaliza Desemba, huna muhula wa pili, na bila muhula wa pili huna tasnifu wala shahada yenye heshima. Krediti zangu 12 nilizozipigania mwaka na nusu zinanisukuma nitoke mlangoni wakati ndiyo kwanza nimepata cha kufanya ndani.

Nilimweleza Mjomba, nikijua atasema rudi haraka. Akasema, "Kaa. Andika habari za baba yangu. Kiwanja kimeshauzwa, hakitauzwa mara ya pili." Mama yeye hakusema kaa wala rudi. Alisema mdogo wangu anaulizia sare za uuguzi zinashonwa kwa kitambaa gani.

Jumatatu iliyopita nimejaza fomu ya kuomba kuhitimu, na nimeandika Desemba. Tasnifu nimeigeuza kuwa utafiti binafsi wa muhula mmoja, kozi moja, krediti nne, kurasa arobaini badala ya mia. Nitaandika juu ya safari ya treni na mshahara wa mwanzo tu, mengine yatasubiri. Profesa alisikitika, akasema shahada ya pili ipo. Inawezekana. Sijamwambia kwamba mdogo wangu ataanza masomo Oktoba hii, kwa sababu hapa watu wakisikia mambo kama hayo wanakuonea huruma, na mimi sitaki huruma, nataka microfilamu.

Kwa wapya, machache ya kushika. Kila muhula lazima uwe na krediti 12 kwa uchache, vinginevyo viza yako ina matatizo. Ukiwa muhula wa mwisho na umebakiza kidogo unaweza kupewa ruhusa ya kuchukua pungufu, lakini ruhusa inatangulia, haifuati. Anayetaka kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu anaruhusiwa kuomba kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza, kwa hiyo mimi nitaanza Septemba. Somo kuu nalo lina uzito hapo: kanuni ya mwaka 2016 iliwapa wa sayansi na hesabu miezi 24 ya ziada, na ndiyo maana vyuo kadhaa vimeuainisha upya uchumi wao kama somo lenye hesabu ndani yake. Kabla hujatangaza somo kuu pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana haya mambo hubadilika. Watanzania mtakaorudi, kumbukeni TCU watataka transkripti kamili ili kuitambua shahada, hivyo weka kila karatasi. Na Mganda wetu, UACE yako ni A-level kama yetu. Usikubali jibu la mistari miwili. Agiza silabasi nyumbani sasa hivi, wala usiipeleke kwa msajili kwanza, mpelekee mwalimu wa somo.

Barua zangu tatu ninazo, na ile ya profesa wa hesabu ameruhusu niitoe nakala. Anayezihitaji anitafute jikoni, zamu zangu ni Jumanne na Alhamisi jioni, upande wa kuosha vyombo.